Tundu la Tano

Korongo wamepita juzi, mafungu mawili na mmoja aliyechelewa,
na Ilgvars akasema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kung'olewa jino:
leo tunainua.
Nikavaa gambuti.

Paneli zetu nane zimelala vile Juni ilivyoziacha,
chali, uso juu, kama watu waliokula wakashiba,
na jua la Oktoba, huku kwetu Vidzeme,
halina nguvu tena ya kupanda ghala.
Linatambaa juu ya misonobari kama paka ukutani,
linachungulia, linateremka.
Jana betri zilikata roho kabla ya chakula cha usiku,
nikamkamua Brūnaļa tochi ikiwa mdomoni.

Fremu aliiunda mwenyewe
kwa mabomba ya zizi la ushirika, lile lililofungwa
tukiwa bado na meno yote.
Ng'ombe mia mbili walisugulia shingo zao hapo;
upande wa chini chuma kinang'aa hadi leo.
Miguu ni magogo. Pembe aliipima
kwa kipimapembe cha mwanetu cha darasa la sita,
uzi, na nati ya kuning'inia;
akakokotoa siku tatu nyuma ya bahasha ya bili,
akatoboa matundu manne, akayaandika kwa rangi nyeupe:
Juni. Agosti. Oktoba. Desemba.

La tano halina jina.
Siku ile alishikwa na kwikwi,
keekee ikateleza, ikala chuma
vidole vitatu kupita Desemba,
naye akatukana hadi kuku wakahama ua.
Akalipaka grisi lisionekane.
Nililiona. Tundu moja haliachi mume,
nilimwambia, na kwikwi ikakoma.

Basi, tunaanza.
Nyigu wamejenga ndani ya bomba la kushoto;
baridi imewalegeza, wanatoka mmoja mmoja
kama wapangaji waliopewa notisi.
Bolti ya pili imeumwa na kutu. Mafuta, nyundo, kusubiri,
mafuta tena. Inaachia ghafla, inaruka,
inapotelea majanini.
Nusu saa tunatambaa, wazee wawili kwa magoti,
tukipapasa umande,
mpaka nilipoleta sumaku ya spika ya redio iliyokufa,
nayo ikanyakua bolti, misumari miwili, na kijiko
tulichodhani dada yake alikitia mkobani harusini.

Sasa anaingiza bega chini ya fremu.
Hapa ndipo nisipopapenda:
mshipa wa shingo unatuna,
miaka sabini na mmoja inatetemeka,
na anga, lililojaa vioo vinane, linainuka, linayumba,
wingu moja linamwagika toka paneli hadi paneli,
naye, uso chini, haoni kitu ila gambuti zangu.
"Oktoba!" anaguna. "Tia Oktoba!"

Pini ninayo mimi.
Nakumbuka theluji ya mwaka juzi,
jinsi Desemba yake ilivyoilea kama mwana wa kwanza,
haidondoki, haiyeyuki,
yeye akapanda usiku na ufagio, akateleza,
mbavu mbili.
Hesabu zilikuwa sahihi. Theluji haikuzisoma.
"Pandisha kidogo."
"Imetosha!"
"Kidogo, baba."
Anapandisha. Bega linalia kama bawaba.
Pini inazama, tak,
katika lile lisilo na jina.

Anatoka chini, anarudi nyuma hatua sita, anafumba jicho moja.
Paneli zimesimama karibu wima,
kama darasa mwalimu mkuu anapoingia.
Naona midomo yake ikihesabu matundu:
moja, mbili, tatu, nne.
Anaishia hapo.
Anachukua kitambaa, anafuta grisi ya zamani,
anafuta muda mrefu kuliko grisi yenyewe.
"Inafaa," anasema. "Ndivyo nilivyokokotoa."
Nami nikaitika: ndivyo.

Asubuhi nilikuta mkebe wa rangi wazi kizingitini,
brashi imekauka, haifai tena,
na kando ya tundu la tano, kwa herufi zilizopinda,
bado mbichi:
Kwikwi.